Historia si Jalala la Walioshindwa Fizikia

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, huanza katika nyumba nyingi za nchi yetu mashauri mazito. Kijana aliyefaulu hana budi kuamua atasoma tahasusi gani katika kidato cha tano, na wazazi, wajomba, walimu na majirani wote huwa na la kusema. Wengi wa washauri hao wana nia njema. Hata hivyo tumeona kwamba katika jambo moja aghalabu hukubaliana bila ya kufikiri sana, nalo ni kwamba mtoto mwenye akili apelekwe kwenye sayansi, na yule aliyesalia ndiye akasome Historia.

Mwaka huu tuliyakuta mashauri hayo Misungwi, mkoani Mwanza, tulipokwenda kuwatembelea ndugu zetu wa huko. Baada ya sala ya Alasiri mzee mmoja, mkulima wa pamba na mpunga, alitukaribisha barazani kwake akatuwekea mbele yetu karatasi yenye matokeo ya binti yake. Historia alikuwa amepata A, Kiswahili A, Jiografia B na Kiingereza B. Katika Fizikia, Kemia na Baiolojia alikuwa na C.

Mzee akasema: "Shehe, hebu mwambieni huyu mtoto. Kwa hizo C anaweza kusomea udaktari, lakini yeye kang'ang'ania Historia. Historia ni habari za watu waliokwisha kufa. Hao wafu ndio watakaomlisha?"

Binti, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mama yake, akajibu kwa adabu: "Baba, mimi sikatai kusoma. Ila hili ndilo somo ninaloamka usiku kulisoma bila ya kuamshwa na mtu."

Jibu tulilompa mzee siku ile lilikuwa fupi, na tutalieleza mwishoni. Lakini tumeona ni vema tuliandike hapa kwa urefu, kwa kuwa swali lake ni swali la wazazi wengi, tena si swali la kubezwa.

Hofu ya mzee ina msingi

Haki inatutaka tuanze kwa kukubali kwamba mzee huyu haogopi kivuli. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Serikali ilipowaita walimu kwenye usaili, nafasi zilizotangazwa zilikuwa 14,648 na waombaji walizidi 200,000. Kwa miaka kadhaa matangazo ya ajira za ualimu yamewapa kipaumbele walimu wa sayansi na hisabati, na waliosomea ualimu wa Historia, Jiografia au Kiswahili ndio waliongoja zaidi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada, kisha akamwona kijana wa jirani mwenye shahada akiendesha bodaboda, ana haki kamili ya kuuliza mtoto wake atakula nini.

Wala hatuandiki ili kuwatoa watoto wetu maabara. Nchi yetu ina haja ya madaktari, wakunga, wafamasia na wahandisi, na familia za Waislamu zina wajibu wa kutoa sehemu yao. Mtoto mwenye kipaji cha Fizikia na anayeipenda, asaidiwe afike mbali kadiri Mwenyezi Mungu atakavyomjaalia. Kumlazimisha mtoto huyo asome Historia itakuwa dhuluma ileile tunayoilalamikia hapa, ila imegeuzwa upande.

Tunachokipinga ni dharau. Masomo ya Historia, Jiografia, Uraia na Uchumi yamefanywa kuwa mahali pa kutupia wale ambao masomo mengine yamewashinda. Kisha vijana hao wanapokosa kazi, tunawanyooshea vidole na kusema: tuliwaambia, masomo hayo hayana faida.

Namna jalala lilivyojengwa

Tutazame namna hali hii ilivyozuka. Katika utaratibu wa masomo uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi alipofika kidato cha tatu aliweza kuacha Fizikia na Kemia, lakini Historia, Jiografia na Uraia hakuweza kuziacha. Shule nyingi za kata zilijengwa kwa haraka, na nyingi zilikaa muda mrefu bila ya maabara na bila ya mwalimu hata mmoja wa Fizikia. Kwa hiyo mamia ya watoto waliingia upande wa sanaa bila ya kuuchagua. Hakuna aliyewauliza kama wanapenda kusoma, kama wanaweza kuandika ukurasa mmoja wenye hoja, au kama wana shauku ya kujua mambo ya watu. Waliulizwa tu kama Fizikia imewashinda.

Wakishafika huko, ufundishaji nao ukawamaliza. Mwanafunzi huandikiwa ubaoni sababu sita za Vita vya Majimaji, tena kwa Kiingereza ambacho hakielewi vizuri, naye huzikariri sita hizo kama alivyozikuta. Akiulizwa katika mtihani sababu nne, huandika nne. Akiulizwa ni nani aliyezihesabu sababu hizo zikawa sita, na alizijuaje, hana jibu, kwa sababu hajapata kuulizwa swali la namna hiyo. Mwanafunzi aliyesoma hivyo ni kama punda aliyebebeshwa vitabu. Mzigo anao, faida hana. Si ajabu basi kwamba akihitimu hana la kumwonyesha mwajiri.

Ni kweli kwamba yako mabadiliko. Mwezi Machi mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba tahasusi za kidato cha tano zitakuwa 65, zikiwamo 49 mpya zilizoongezwa juu ya zile 16 za awali, na zikapangwa katika makundi saba, likiwamo kundi la sayansi ya jamii na kundi la elimu ya dini. Aidha, katika mtaala mpya limewekwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hizi ni hatua za kushukuriwa. Lakini zamani mtoto asiye na mshauri alipotea kati ya HGL, HKL, HGK na HGE. Leo mtoto huyohuyo anawekewa tahasusi 65, na mshauri bado hana.

Somo la kuuliza "Nani kasema?"

Tunadhani kosa kubwa zaidi ni kutolijua somo lenyewe. Mzee wetu alisema Historia ni habari za wafu. Hayuko peke yake katika dhana hiyo. Lakini Muislamu ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuamini hivyo, kwa sababu dini yake imemlea katika elimu ya kuchunguza habari.

Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, inatuamuru kuipeleleza habari tunayoletewa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kutokana na amri ya namna hiyo wanachuoni wa Hadithi walijenga elimu ambayo hadi leo inastaajabisha. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri nchi nyingi akikusanya Hadithi, na kila habari aliipima kwa wapokezi wake: fulani kaisikia kwa nani, je, walionana, je, alikuwa mkweli, je, kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Mtoto wa madrasa anayefundishwa kwamba Hadithi ina mlolongo wa wapokezi, tayari amefundishwa nusu ya kazi ya mwanahistoria.

Nusu ya pili tunaipata kwa Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu waandishi waliopokea habari bila ya kuzipima kwa hali halisi ya maisha ya watu. Alitoa mfano wa wale waliosimulia kwamba jeshi la Nabii Musa (a.s.) lilikuwa na watu 600,000 au zaidi. Akauliza maswali ya mtu mwenye akili timamu: nchi zile zingeweza kulilisha jeshi kama hilo? Jeshi kubwa kiasi hicho lingepigana vipi, hali upande mmoja haujui yanayotokea upande wa pili? Kwa kuuliza hivyo alitambua kwamba ili kuijua historia ni lazima kwanza kuijua jamii: watu wanaishije, wanakula nini, nani anamtawala nani na kwa nguvu gani. Wataalamu wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya jamii.

Hii ndiyo Historia tunayoitetea. Ni somo la kumfundisha kijana asikubali habari kabla ya kujua imetoka kwa nani. Katika zama hizi za simu za mkononi, ambapo uzushi hufika vijijini kabla ya jua kuchwa, umma usio na watu wenye tabia hiyo umo hatarini.

Misungwi yenyewe ni darasa

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Tunis na Cairo. Basi na turudi Misungwi.

Muulize mwanafunzi yeyote wa huko ni nani aliyegundua Ziwa Victoria, naye atakujibu papo hapo: John Hanning Speke, mwaka 1858. Kwa jibu hilo hupata alama yake. Lakini mwalimu hodari angeendelea kuuliza. Speke aliondoka Tabora mwezi Julai 1858, akiwa na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani tangu utotoni. Njia yao ilitoka kusini, na siku chache kabla ya kufika Mwanza tarehe 3 Agosti, Speke aliuona mkono wa maji ulioingia nchi kavu, upande huuhuu wa Misungwi ya leo. Nani alimwelekeza kaskazini? Kule Tabora mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, ndiye aliyewaeleza Speke na mwenzake Burton kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Na yeye alizipata wapi habari hizo, kama si kwa wenyeji na kwa wasafiri wa misafara? Na wale waliokuwa wakivua na kunywesha ng'ombe wao kwenye maji yale, wao walikuwa hawajaligundua?

Hatusemi Speke asisomwe. Habari aliyoipeleka Ulaya ilibadili mambo mengi, na mabaya yake tuliyaona. Tunasema kwamba binti wa Misungwi aliyefundishwa kuuliza hivi hataridhika tena na jibu la neno moja, si katika Historia wala katika jambo lolote jingine.

Tuchukue na pamba, ambayo ndiyo iliyomsomesha binti yule. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi ilikuwa ikiwapunja. Hawakuishia kulalamika. Walijiunga, wakaweka watu wao wa kukagua mizani, wakaanzisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Muungano huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Yote hayo yalifanyika katika Jimbo la Ziwa, jimbo ambalo wakoloni walikizuia humo chama cha TANU tangu mwaka 1954 hadi 1958. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudi. Mkulima anayelumbana leo na viongozi wa chama chake cha msingi kuhusu mizani na malipo, anagombania jambo ambalo babu yake alilipigania. Asiyeijua habari hiyo huanza upya kila msimu, kana kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kabla yake.

Mfano wa tatu unaonekana kwa macho. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, linalounganisha Misungwi na Sengerema juu ya maji ambayo zamani yalivukwa kwa kivuko. Ni kazi ya wahandisi, nasi twajivunia kuwa nayo. Mgonjwa aliyekuwa akingoja kivuko usiku sasa anapita kwa dakika chache. Hata hivyo kuna maswali ambayo mhandisi hakufundishwa kuyajibu. Mama lishe na wachuuzi wa samaki walioishi kwa kuwauzia abiria waliokuwa wakingoja, sasa riziki yao iko wapi? Bei ya ardhi pande zote mbili itakwendaje, na nani atainunua? Vijana wa Sengerema watahamia Mwanza, au wafanyabiashara wa Mwanza ndio watakaohamia kwao? Maswali haya yana majibu, na majibu yake hutafutwa kwa kuhesabu, kuhoji, kuchora ramani na kulinganisha na yaliyotokea kwingine. Hiyo ni kazi ya watu wa Jiografia, Uchumi na Historia. Halmashauri isiyo na watu hao itajenga soko mahali pasipopita mtu.

Nani ataandika habari zetu?

Tunafika sasa kwenye jambo linalotugusa kwa karibu. Mara nyingi katika mabaraza yetu husikika malalamiko kwamba mchango wa Waislamu katika historia ya nchi hii haumo vitabuni. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini tujiulize kwa uaminifu: wangapi kati yetu tumewapeleka watoto wetu walio bora kusomea kazi hiyo?

Iko mifano inayoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, aliacha maandishi kuhusu maisha yake. Maandishi hayo yangeweza kuliwa na mchwa kama yalivyoliwa mengine. Hayakupotea, kwa sababu mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, aliyatumia kuandika habari za babu yake, nayo makala yake ikatoka mwaka 1973 katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Tangu hapo hakuna mtafiti makini wa siasa za Dar es Salaam anayeweza kuipita makala hiyo. Mwaka 1998 Mohamed Said naye alitoa kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akitumia nyaraka za familia hiyo. Wako wanaokubaliana naye na wako wanaompinga, lakini wanaompinga nao wanalazimika kuleta ushahidi. Na katika Jimbo la Ziwa lenyewe, mshairi na mwanasiasa Saadani Abdu Kandoro, aliyeishi harakati zile, aliandika Mwito wa Uhuru, kitabu kilichotoka mwaka 1961.

Katika mifano hiyo mitatu, kazi ilianza kwa karatasi iliyohifadhiwa na mtu aliyejua thamani yake.

Vilevile mwaka 1968 idara ya Historia ya Chuo Kikuu Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini, katika maeneo yaliyopigana Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Wazee hao sasa wote wametangulia mbele ya haki. Lau vijana wale wangesema kwamba Historia haina maana, leo tungekuwa na maelezo ya maofisa wa Kijerumani peke yake.

Tuwatazame na jirani zetu. Mwaka 1960 Wakatoliki walianzisha pale Nyegezi, mwendo mfupi kutoka Misungwi, chuo cha mafunzo ya jamii. Waliona kwamba nchi inayokaribia uhuru itahitaji waandishi wa habari, maofisa wa ustawi na viongozi wa vyama vya ushirika, wakaanza kuwafundisha. Mwaka 1998 chuo hicho kilipanda kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Hatuna sababu ya kuwaonea wivu kwa hilo. Sababu tunayo ya kujifunza. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilifunguliwa mwaka 2005, na ni wajibu wetu kukipatia wanafunzi waliokuja kwa kuchagua.

Ushauri wetu

Kwa mwanafunzi, tunasema: jipime kabla ya kuchagua. Je, unasoma kitabu ambacho hukuamriwa? Je, unaweza kutetea jambo kwa ukurasa mmoja, kisha ukatetea kinyume chake kwa ukurasa wa pili? Je, Kiingereza chako kinatosha kusoma kwa kuelewa, na kama hakitoshi, uko tayari kukifanyia kazi kila siku? Kama majibu yako ni ndiyo, ingia bila ya haya. Kama unakimbilia Historia kwa kuwa umesikia ni rahisi, usiingie, maana utakuwa miongoni mwa wale wanaongoja. Pia tahasusi moja si sawa na nyingine. Anayetaka sheria, diplomasia au uandishi wa habari aitazame HGL au HKL. Anayependa hesabu na mambo ya maendeleo aitazame HGE, au EGM kama Hisabati yake ni imara. Usome mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu kabla ya kujaza, si baada ya miaka miwili. Na hata ukichagua sanaa, usiiache kompyuta wala takwimu, kwani mtafiti asiyejua kuhesabu ni nusu mtafiti.

Kwa mzazi, tunasema: usitazame somo peke yake, tazama na mtoto. Mwenye A katika Historia na C katika Fizikia ameshakuonyesha njia yake. Fizikia ya kidato cha tano ni nzito kuliko ile aliyoiacha, na daraja hafifu katika kidato cha sita halimfikishi mtu kwenye udaktari. Ni bora mwanasheria hodari kuliko daktari ambaye hakupatikana.

Kwa walimu wa Historia tunawaomba angalau jambo moja: mpeni kila mwanafunzi kazi ya kumhoji mzee mmoja wa kijijini kwake, aandike kurasa mbili, na aeleze mzee huyo aliyajuaje anayoyasema. Kazi hiyo haihitaji maabara.

Na kwa viongozi wa misikiti tuna maombi mawili. La kwanza, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, na kabla ya kufungwa muda wa kubadilisha tahasusi kwenye mtandao, kila msikiti uwaite wasomi wawili au watatu wa fani mbalimbali wakae na vijana baada ya sala ya Ijumaa. Saa moja itatosha kuwaokoa wengi. La pili, zikusanywe nyaraka. Kabla herufi za Kilatini hazijaenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika masanduku ya wazee wetu bado zimo barua, wasia na hati ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma. Hati za viwanja vya misikiti na za wakfu nazo zimetawanyika. Mgogoro unapofika kwenye baraza la ardhi, anayeshinda ni mwenye karatasi. Kijana aliyesomea Historia na anayejua Kiarabu ni hazina kwa kazi hii, na kijana wa namna hiyo anatoka katika madrasa zetu kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Tulichomwambia mzee

Siku ile barazani Misungwi hatukuyasema yote haya. Tulimwambia mzee kwamba kama binti yake anakwenda kusoma Historia ili apumzike, basi amzuie. Lakini kama anakwenda kuisoma kama Imamu Bukhari alivyozisoma Hadithi, kwa kuuliza kila habari imetoka wapi, basi amwache, na amwombee dua. Uamuzi, tukasema, ni wa kwao.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akamgeukia binti yake: "Haya, mwanahistoria. Enzi za babu yako, pamba ya hapa iliuzwaje?"

Binti akajibu kwamba hajui. Kitabuni hamkuwa na habari hiyo.

"Mimi ninaijua," mzee akasema. Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akibeba pamba hadi kwa mnunuzi, na jinsi alivyorudi siku moja akiwa na hasira kwa sababu mzigo ule ule aliokwisha kuupima nyumbani ulikuwa umepungua njiani. Alisimulia mpaka jua likakaribia kuzama. Binti alikuwa amekwenda ndani kimya kimya, akarudi na daftari na kalamu. Tulipoinuka kwenda kutawadha kwa ajili ya Magharibi, alikuwa bado anamwuliza baba yake: "Na hiyo mizani, baba, ilikuwa ya nani?"

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi hekima ya kuvitambua vipaji alivyowapa watoto wao, na atujaalie sote kuwa watu wa kuipeleleza habari kabla ya kuisema. Amin.